Keti Kwanza, Uhesabu
Mahubiri ya Dominika ya 23 ya Mwaka C

Tumsifu Yesu Kristo!

Katika Injili ya leo, sura ya 14 ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu anaugeukia umati unaomfuata njiani, naye anautolea mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kupiga hesabu, aone kama anacho cha kuumalizia. La sivyo ataishia kwenye msingi, na wapita njia watamcheka. Kisha Bwana anatoa mfano wa pili, wa mfalme aendaye vitani. Naye pia huketi kwanza na kufanya shauri, kabla ya kupeleka askari elfu kumi wakapambane na elfu ishirini.

Tazameni jambo linalorudi katika mifano yote miwili: kuketi kwanza. Mjenzi hakatazwi kujenga, wala mfalme hafundishwi woga. Kila mmoja anafundishwa kutulia na kuujua ukweli wa mambo yake kabla ya kutoa alicho nacho. Leo napenda tulipeleke fundisho hilo kwenye chombo kidogo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni, yaani simu ya mkononi. Pengine mtauliza, "Padre, simu na Injili vinahusianaje?" Nisikilizeni kwa uvumilivu, nanyi mtaona.

Wazee wetu wanakumbuka jinsi ilivyokuwa zamani. Aliyetaka kuzungumza na ndugu yake wa mbali alikwenda posta, akaagiza simu, akaketi kwenye benchi kungoja zamu yake. Alijua anakwenda kusema nini, na alijua analipa kiasi gani. Mwaka 1994 simu za mkononi zikaingia Dar es Salaam, zikiwa mali ya watu wachache wenye uwezo. Leo zimefika mpaka kwenye vigango vyetu vya mbali kabisa. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Mkulima anaulizia bei ya mahindi kabla ya kuyapakia, mama anaisikia sauti ya mwanawe aliye ugenini, na fedha za matibabu zinamfikia mgonjwa saa ileile. Simu si adui yetu.

Lakini zamani gharama ilituketisha kwenye benchi, na leo gharama hutunyemelea. Haidai fedha nyingi kwa mara moja. Hudai shilingi mia tano asubuhi, shilingi elfu moja jioni, nasi hutoa tukiwa tumesimama njiani. Wahenga walisema, "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Tufanye hesabu pamoja. Shilingi 500 kila siku ni shilingi 15,000 kwa siku 30, na kwa mwaka mzima ni shilingi 182,500. Nyumba yenye watu wanne wanaofanya hivyo hutumia shilingi 730,000 kwa mwaka. Baba akiombwa kiasi hicho kwa pamoja, atasema hana. Naye husema kweli, kwa sababu amekwisha kukitoa kidogo kidogo bila kukiona.

Katekista mmoja wa kigango kimoja aliniruhusu niwasimulie habari ya nyumba yake, mradi nisimtaje jina. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mtoto wake mdogo hakuwa na viatu. Fedha za viatu hazikuwapo. Jioni hiyo mkewe alichukua daftari na kalamu, akasema, "Baba, kabla hujaenda kukopa kwa jirani, hebu tuketi kwanza. Kila mmoja aseme tangu Dominika iliyopita ameweka shilingi ngapi kwenye simu." Hakuna aliyekumbuka. Ikabidi wazifungue simu zao na kusoma jumbe za malipo moja baada ya nyingine. Baba alikuwa ametumia shilingi 3,500, mama 3,000, binti 3,500, na kijana wao mkubwa 7,000. Jumla ilikuwa shilingi 17,000 kwa juma moja. Katekista akaniambia, "Padre, tulitazamana tukanyamaza. Viatu vya mtoto vilikuwa ndani ya simu zetu."

Walifanya nini basi? Kwanza, walipanga kiasi. Kila Dominika, baada ya kutenga fedha za chakula na sadaka, wanatenga shilingi 9,000 za simu kwa nyumba nzima, na zikiisha, zimeisha. Walikuwa wakitumia 17,000. Kwa hiyo kila juma hubaki shilingi 8,000. Kwa majuma 13 hiyo ni shilingi 104,000. Viatu vilipatikana, na madaftari pia.

Pili, waliacha kununua kama anunuaye mafuta ya taa kwa kibaba. Ndugu zangu, mnajua kwamba maskini, kwa kuwa hana fedha nyingi kwa mara moja, hununua kwa kipimo kidogo, na mara nyingi kipimo kidogo huwa ghali zaidi. Ndivyo ilivyo kwa mkaa wa kopo, na ndivyo ilivyo aghalabu kwa vifurushi vya siku moja. Mwenye kuweza kujiwekea akiba ya siku chache, akanunua kifurushi cha juma au cha mwezi, na alinganishe: dakika ngapi, megabaiti ngapi, kwa siku ngapi. Lakini asinunue kikubwa kuliko mahitaji yake, kwa maana kifurushi chenye tarehe ya mwisho kikiisha muda wake bila kutumika, ni chakula kilichochachia chunguni.

Tatu, waliziba matundu. Simu ya kijana ilikuwa imeachwa wazi kwenye intaneti usiku na mchana, video zikijichezesha zenyewe na programu zikijisasisha hata yeye akiwa usingizini. Simu ya mama ilikuwa imeunganishwa na huduma ya wimbo wa mwito inayokatwa fedha mara kwa mara, ambayo hakumbuki kuiomba. Yote hayo yalifungwa. Tangu Aprili 2021 kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zimeyataka makampuni yamwarifu mteja anapofikia asilimia 75 ya kifurushi chake, na tena kinapoisha. Ujumbe huo ukija, usiufute bila kuusoma. Ni kengele inayokuita uketi.

Nne, waliacha kukopa salio. Mkopo huo huja upesi, wala hauulizi maswali, ndiyo maana unapendwa. Lakini una makato yake. Hata makato yakiwa asilimia 10 tu, mtu anayekopa shilingi 1,000 mara tatu kila juma hupoteza shilingi 300 kwa juma, na kwa majuma 52 ni shilingi 15,600 ambazo hakuzungumzia hata neno moja. Deni la maneno ni deni kama deni lingine.

Tano, walipunguza laini. Wengi wetu tulizoea kuwa na laini mbili au tatu kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa na gharama kubwa. Mambo yamebadilika. Gharama ambazo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu zake zilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, na kufikia mwaka 2022 zilikuwa zimeshushwa hadi shilingi 2. Siku hizi viko vifurushi vya mitandao yote. Tena, tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhamia mtandao mwingine bila kubadili namba yake. Kwa nini basi kulisha laini tatu, pale ambapo moja ingetosha?

Hayo yote ni mema, ndugu zangu. Lakini habari ya nyumba ile haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niichague kwa ajili ya Dominika ya leo.

Katekista alipoonja utamu wa akiba, alizidisha bidii. Mama yake mzazi, bibi kizee anayeishi kijijini, alikuwa na desturi ya kubipu. Hana salio, kwa hiyo huiacha simu ilie mara moja, kisha humngoja mwanawe ampigie. Katekista akawaambia watu wa nyumbani mwake, "Asimpigie mtu yeyote mpaka mwisho wa mwezi. Bibi hana neno, anataka maongezi tu." Simu ikalia mara moja, wakaiacha. Ikalia tena kesho yake, wakaiacha. Baadaye haikulia tena. Majuma matatu yalipopita, jirani wa kijijini alipiga simu kwa fedha zake mwenyewe, akasema, "Mwalimu, mama yako ameugua malaria kwa siku nyingi. Sisi ndio tuliompeleka zahanati. Anauliza amekukosea nini."

Bibi alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini katekista yule alipokuja kwangu kuungama na kuzungumza, baadaye akaniomba niwaeleze wengine maneno haya: "Padre, nilihesabu shilingi, sikuhesabu watu."

Wapendwa, hapo ndipo hesabu ya dunia inapoachana na hesabu ya Injili. Dunia hufundisha kuweka akiba ili mtu azidi kuwa nacho. Bwana wetu anapomaliza mifano yake miwili, hamwambii mjenzi ajilimbikizie. Anasema kwamba asiyekuwa tayari kuviacha alivyo navyo vyote hawezi kuwa mwanafunzi wake. Tunahesabu, basi, ili tuwe huru kutoa; tunaziba matundu ili maji yamfikie mwenye kiu. Akiba inayomnyamazisha mama mzazi si akiba, ni hasara iliyovaa nguo nzuri.

Leo nyumba ile ina desturi mpya. Katika zile shilingi 9,000, fungu la kwanza ni la Bibi. Kila Dominika baada ya Misa hukaa pamoja sebuleni, wanampigia kwa simu moja, na kila mmoja humwamkia kwa zamu. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Wanne walikuwa wakitumia fedha nyingi kila mmoja peke yake, na Bibi hakuwa akisikia sauti ya hata mmoja wao. Sasa wanatumia kidogo, na Bibi anawasikia wote.

Nina neno pia kwa parokia zetu na kwa jumuiya ndogondogo. Mazishi yakitokea, ratiba ya Misa ikibadilika, mafundisho ya kipaimara yakiahirishwa, nani hupiga simu? Ni katekista. Huwapigia wenyeviti wa jumuiya mmoja mmoja, huwapigia wazazi, humpigia paroko, na salio ni la mfuko wake, ambao sote twajua ulivyo mwembamba. Halmashauri ya parokia iketi kwanza, ihesabu gharama hiyo, na kuiingiza katika bajeti. Kuomba watumishi wa Kanisa waweke akiba nyumbani, huku sisi tukizimaliza fedha zao kwa shughuli zetu, si haki.

Nanyi vijana, msidhani kwamba ninawaonea. Naujua umuhimu wa intaneti katika masomo na katika kutafuta kazi. Nawaomba jambo moja: kabla ya kuongeza kifurushi kingine, ulizeni nyumbani kama chumvi ipo.

Basi, juma hili nawapa kazi ndogo. Leo jioni, kabla ya sala ya familia, ketini pamoja. Chukueni daftari. Someni jumbe za malipo za siku saba zilizopita, mjumlishe bila kugombana na bila kumwaibisha mtu. Pangeni kiasi cha juma lijalo. Kisha jiulizeni swali la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza: ni nani anayengoja sauti yetu, na hatujampigia? Mwandikeni jina lake juu kabisa ya ukurasa, kabla ya tarakimu zote.

Dominika ijayo, Mungu akipenda, tutamsikia katika Injili yule mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, akawasha taa, akafagia nyumba, akaitafuta mpaka akaiona. Alipoiona hakuificha. Aliwaita rafiki na jirani zake wafurahi pamoja naye. Nasi tuwashe taa katika nyumba zetu, tufagie, tutafute shilingi zetu zilizopotea. Na tukizipata, ziwe furaha ya wengi.

Mungu Mwenyezi awabariki, azibariki familia zenu, na awape moyo wa busara na wa upendo: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!