Spika za Darini na Usingizi wa Jirani

Siku hizi fundi wa Dar es Salaam akifunga dari ya jipsamu huuliza: "Nikuwekee na spika humo humo?" Mwenye chumba cha futi kumi kwa kumi hukubali haraka, maana chini hakuna nafasi hata ya kigoda.

Kazi yangu ni sauti, kwa hiyo niruhusuni niseme mawili matatu. Stereo ni spika mbili, kushoto na kulia, nawe ukae katikati. Katika chumba kidogo zikikaribiana mno, kushoto na kulia huwa kitu kimoja. Kwa chumba hicho ipo spika moja yenye njia zote mbili ndani yake, yatosha. Usiibane pembeni, besi itanguruma kupita kiasi. Na ukiweka mbili, fundi asigeuze waya wa chanya na hasi kwenye mojawapo, besi itapotea.

Lakini liko zito zaidi. Katika nyumba zetu nyingi za kupangisha, kuta za vyumba huishia darini. Juu yake ni uwazi mmoja hadi kwenye bati. Spika ya darini hukuimbia wewe kwa uso, na kwa mgongo humwimbia jirani. Mgonjwa wa chumba cha tatu anaisikia. Mtoto anayejiandaa na mtihani anaisikia.

Basi kabla tundu halijakatwa, mwambie fundi aufunike mgongo wa spika kwa kasha zito la mbao. Akikataa, iache dari yako nzima. Muziki umeulipia wewe, jirani hakuuagiza.