Difu ya Mbele Katika Gari la Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Gari la chama huandikwa katika daftari la mali kama kitu kimoja chenye namba moja. Kwa kweli ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja, na baadhi yake havikumbukwi mpaka siku ya kuvunjika. Difu ya mbele ni mojawapo. Makatibu wengi huijua kwa bei ya spea zake tu. Yafaa ijulikane pia kwa kazi yake, kwa kuwa kamati ndiyo inayoulizwa na wanachama nani ameharibu gari, na aghalabu hujibu kabla ya kuuliza.

Gari lipindapo kona, magurudumu yake hayaendi mwendo mmoja. Tuseme gari linazunguka duara, gurudumu la ndani likiwa mita 6 kutoka katikati, na nafasi kati ya magurudumu mawili ya nyuma ikiwa mita 1.4. Duara likikamilika, gurudumu la ndani limekwenda karibu mita 38, na la nje zaidi ya mita 46. Kama yangefungwa katika chuma kimoja kizima, moja lingeburuzwa. Difu ndiyo inayoyapa ruhusa ya kutofautiana: kadiri moja linavyopunguza mwendo, ndivyo jingine linavyoongeza.

Ruhusa hiyo ina gharama yake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa, wala haiwezi kulipa gurudumu moja zaidi ya inavyolipa jingine. Gurudumu la kushoto likikanyaga tope lisiloshika, nguvu ya kulizungusha ni ndogo mno; basi la kulia nalo, hata likiwa juu ya mwamba, litapata hiyo hiyo ndogo. Ndiyo maana gari la fowili huweza kukwama likizungusha magurudumu mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma, huku abiria wakimlaumu dereva kwamba hakuingiza gia. Wakazi wa udongo mweusi wa mbuga za Usukuma wameliona jambo hili mvua baada ya mvua. Kuongeza moto hapo ni kuchimba kaburi la ekseli. Linalofaa ni kulipa gurudumu linaloteleza kitu cha kushika, yaani matawi, mawe au minyororo. Na gari lenye loki ya difu, loki hiyo ifungwe kabla ya kuingia topeni, si baada ya kuzama.

Liko kosa jingine dogo ambalo limewalaza watu wengi porini. Magari mengi ya namna hii yana habu za mbele ambazo hufungwa kwa mkono. Dereva hushuka mvuani, akafunga ya kulia, akasahau ya kushoto. Akiingiza fowili, difu ya mbele hupeleka mzunguko wote upande ulio wazi, kwa kuwa huko hakuna kizuizi, na gurudumu lililofungwa halipati kitu. Kwa nje gari linaonekana liko katika fowili. Kwa kweli linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo linalokula fedha nyingi zaidi. Magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika duara lile lile, gari lenye urefu wa mita 2.77 kutoka ekseli hadi ekseli, kama Land Rover ndefu za zamani, ekseli ya nyuma hupita mita 42 na ya mbele mita 45 na nusu. Mwaka 1983 kampuni ya Land Rover ilipotoa aina iliyoitwa One Ten, iliweka difu ya tatu katikati ili kuimaliza tofauti hiyo. Magari yasiyo na difu ya katikati, ambayo bado ni mengi, huifunga ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja mara fowili iingiapo. Katika tope au mchanga tairi huteleza kidogo na mambo husawazika. Katika lami haziteleziki kwa urahisi, na chuma hujisokota chenyewe kama kamba: usukani huwa mzito, gari huvuta kama limeshikwa breki, na kijiti cha fowili hukataa kutoka.

Chama kimoja cha wakulima wa pamba, ambacho si lazima kutajwa, kilipata funzo hilo miaka iliyopita. Msimu ulikuwa umefunguliwa na mvua za mwisho hazijakatika. Gari lilitoka alfajiri kwenda mjini kuchukua fedha za kununulia pamba. Dereva aliingiza fowili topeni, akafika lami, akakuta kijiti cha njano hakitoki, akaona achelewe nini, akaendelea. Baada ya kilomita kama 60 difu ya mbele ilipasuka kwa kishindo. Wakulima walikaa siku nne na pamba yao kwenye ghala, wengine wakilala juu ya magunia. Kamati ilikutana kwa hasira, ikaamua dereva akatwe mshahara mpaka bei ya krauni na pinyoni ilipwe, kwa kuwa alilikanyaga gari ovyo topeni.

Fundi aliyefungua difu alikuwa mzee asiyependa maneno. Aliyaweka meno yaliyovunjika juu ya gunia, akawaonyesha wajumbe kwamba yameshindiliwa upande wa mgongo. Jino lililovunjwa na injini inayovuta hushindiliwa upande wa mbele. Haya yalivunjwa na magurudumu yaliyokuwa yakiisukuma difu badala ya kusukumwa nayo. Kisha akaomba kamba, akapima tairi. Za nyuma zilikuwa mpya, zenye kipenyo cha sentimita 80. Za mbele zilikuwa zimelika hadi 78. Tofauti ya sentimita mbili haishtui macho. Lakini katika kilomita moja tairi ya nyuma huzunguka mara 398, na ya mbele mara 408. Mizunguko hiyo 10 ya kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka, ilikuwa ikitafuta pa kutokea. Kila kona iliongeza deni.

Katibu alikwenda kwenye jalada la gari, akarudi na stakabadhi. Tairi mbili badala ya nne zilinunuliwa kwa azimio la kamati yenyewe, ili kubana matumizi.

Hapo dereva hakuwa safi kabisa. Alipaswa kusimama, kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, au kupitisha magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo wa kando ya barabara, mpaka msokoto ulegee na kijiti kitoke. Alipoulizwa kwa nini hakufanya hivyo, alijibu kwamba tangu aajiriwe hakuna aliyemwambia. Katika jalada lake hakukuwa na karatasi ya kumpinga.

Mkutano mkuu ulisomewa stakabadhi na maelezo ya fundi pamoja. Palikuwa na kelele, na mjumbe mmoja alitoka nje. Mwishowe makato yalifutwa, na fedha za mwezi mmoja zilizokwisha kukatwa zikarudishwa. Tairi hununuliwa nne kwa pamoja tangu wakati huo. Dereva hufungua kizibo cha mafuta ya difu zote mbili kila gari livukapo maji ya kufika ekseli, asubuhi kabla gari halijatikiswa, kwa kuwa maji yaliyoingia hukaa chini ya mafuta na hutangulia kutoka. Na katika daftari la safari pameongezwa safu mbili: kilomita fowili ilipoingizwa, na kilomita ilipotolewa.