Paa Likiota Kijani, Tutazame Kwanza

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Akina mama, wazee na vijana, asanteni kwa kufika licha ya matope. Leo tuna jambo linaloonekana dogo: ule mmea wa kijani, laini kama zulia, unaoota ukutani na juu ya paa. Sisi wa nyanda za juu, iwe ni Limuru, Kinangop au vilima vya Taita, tunaujua sana.

Mmea huu hauna mizizi ya kweli. Hunywa maji kwa majani yake, ndiyo maana hupenda unyevu na kivuli. Ukiuona, jua kuna maji yanayokawia hapo. Tukiukwangua na kuyaacha maji, utarudi tu.

Msimu wa mvua uliopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Walikuwa wamechanga pesa, wakakodi vijana wawili wenye brashi za waya wasafishe paa la chekechea. Watoto wanacheza chini. Kutazama juu, kumbe si mabati, ni asbestosi! Tukaomba vijana washuke. Wengine walikasirika, kwani pesa zilikuwa zimeshalipwa. Lakini tuseme ukweli: miaka ya nyuma hata sisi tulikwangua paa kama hilo, likiwa kavu, bila hata kitambaa puani. Hatukujua.

Asbestosi ikikwanguliwa, ikitobolewa au ikivunjwa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Tukizivuta, zinakaa mapafuni. Ugonjwa, hata saratani, waweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani bado yako. Utaitambuaje? Ina mawimbi kama mabati, lakini ni nene, ya kijivu kama simiti, wala haipati kutu. Ukiwa na shaka, usiiguse.

Basi tufanye nini?

1. Paa la asbestosi: tusikwangue, tusipande juu yake, kwa kuwa huvunjika ghafla. Twende ofisi ya NEMA tuulize njia halali ya kuliondoa. Vipande tusivitupe shambani wala kujengea banda la kuku.

2. Paa la mabati: kwanza tuondoe bomba linaloingia kwenye tangi. Tusugue kwa brashi laini na maji matupu, mmoja akishika ngazi. Mvua ya kwanza imwagike, ndipo turudishe bomba.

3. Tupunguze matawi yanayofunika paa, jua na upepo vipite. Majani yaliyojaa kwenye gata tuyatoe.

4. Ukuta: tuangalie maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni gata iliyotoboka, au udongo uliorundikana hadi juu ya msingi. Tuuondoe udongo huo na tuchimbe mtaro wa kupeleka maji mbali. Ukuta ukikauka, ndipo tupake chokaa.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, kuna habari ya nyumba yenye madoa ya kijani ukutani. Kuhani hakuanza kwa kukwangua. Alikwenda kutazama, akaifunga nyumba siku 7, kisha akarudi kutazama tena. Huo ni mpango mzuri hata kwa kikundi: tutazame kwanza, tuelewe, ndipo tutoe pesa.

Wale akina mama sasa wamehamishia watoto kwenye ukumbi wa kanisa, na kila mkutano wanaweka akiba ya mabati mapya. Kazi bado ni ndefu, lakini wameianza mahali panapofaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana:
– Mapaa ya shule na ukumbi wetu ni ya nini? Nani atakwenda kutazama?
– Maji yanakawia wapi katika maboma yetu?
– Tuanze na lipi wiki hii, bila kungoja msaada?