Kutazama Kabla ya Kuhukumu
Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A



Masomo ya Dominika hii yanahusu macho. Nabii Samueli anafika Bethlehemu kwa Yese, anamwona Eliabu, kijana mrefu mwenye sura nzuri, na papo hapo anadhani amempata mfalme. Mungu anamwonya asishikwe na umbo la nje. Wana saba wanapita mbele yake, kumbe aliyechaguliwa yuko malishoni na kondoo, wala hakuna aliyekumbuka kumwita. Katika Injili, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Swali lao si namna ya kumsaidia, bali ni nani aliyetenda dhambi. Walikuwa na macho mazima, lakini walihukumu kabla ya kutazama.

Sisi wa Bariadi, Itilima na Meatu ni majirani wa Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo ya pori hilo ni nyanda za Serengeti. Huko hufika wapiga picha wa wanyama kutoka pande zote za dunia. Baadhi yenu mmeyaona magari ya wageni yakipita Lamadi kuelekea lango la Ndabaka. Mtu aweza kudhani kazi yao ni kubonyeza kitufe tu. Sivyo. Mpiga picha hodari huamka kabla ya jua, kwa maana mwanga wa asubuhi huja kwa upande na kuonyesha vizuri manyoya na mikunjo ya ngozi, ambayo jua kali la adhuhuri huificha. Huzima injini, akangoja saa nyingi bila kumfukuza mnyama. Huishusha kamera ilingane na macho ya mnyama, kwa sababu anayetazamwa kutoka juu huonekana duni. Na kabla ya hayo yote, hujifunza tabia za mnyama huyo.

Mmoja wa watu hao alikuwa Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe, Kigoma, mwaka 1962 kupiga picha za utafiti wa Jane Goodall juu ya sokwe. Baadaye alipiga kambi Ndutu, kusini mwa Serengeti, akafanya kazi huko kwa miaka mingi, na akafariki Dar es Salaam mwaka 2002. Mwaka 1970, yeye na Goodall walitoa kitabu juu ya mbwa mwitu, bweha na fisi.

Fisi, kama mjuavyo, hana sifa njema kwetu. Watu walipita asubuhi, wakamkuta simba anakula na fisi wamemzunguka wakingoja. Wakahitimisha kwamba simba ndiye mwindaji na fisi ni mwizi. Lakini waliokesha katika Kreta ya Ngorongoro miaka ya 1960, wakiwafuata wanyama hao usiku kwa mwanga wa mbalamwezi, waliona mengine. Mara nyingi fisi ndio waliowinda, na simba ndiye aliyekuja kuwanyang'anya. Aliyefika asubuhi aliona mwisho wa habari, akadhani ameiona yote.

Ndugu zangu, ikiwa mnyama amesingiziwa kwa kutazamwa haraka, si zaidi sana binadamu? Katika nchi yetu hii ya Usukuma, mabibi wazee wameuawa kwa mapanga usiku, ndani ya nyumba zao, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Mekundu kwa nini? Kwa sababu kuni ni haba, na mama huyo amepika miaka hamsini akiinamia mafiga, akipuliza moto wa mabua, vijiti vya pamba na samadi kavu, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ule ulioiva ugali wetu ndio uliomharibu macho. Tumekula chakula chake, kisha tukamhukumu kwa alama ya kazi yake.

Vijana wanaopiga picha harusini wanajua jambo hili: ukimpiga mtu picha gizani kwa taa iliyo karibu na lenzi, macho yake hutoka mekundu. Mwanga wa taa huingia hadi nyuma ya jicho penye damu, ukarudi na rangi hiyo. Atakayeiona picha asiseme kwamba mtu huyo ndivyo alivyo. Wekundu ule umeletwa na taa ya mpiga picha. Vivyo hivyo, mara nyingi ubaya tunaouona kwa jirani umeletwa na hofu tuliyokwenda nayo.

Anayekwenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyemroga mtoto, anauliza swali lile lile la wanafunzi. Yesu hakulikubali. Alifanya tope, akampaka yule kipofu machoni, akamtuma kunawa Siloamu. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe malaria. Hiyo ndiyo njia ya kwenda Siloamu.

Kwa hiyo, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nawaomba jambo moja katika Kwaresima hii. Nendeni kwa bibi ambaye watu wanamnong'ona. Ketini naye kwenye kigoda, macho yenu yalingane na yake. Mpelekeeni kuni kavu, mfungulieni dirisha jikoni. Na mkisikia kwamba kuna njama juu yake, msingoje kuche: toeni habari kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi usiku huo huo. Anayenyamaza ameshika panga pamoja nao.

Yule kipofu hakumtambua Bwana mara moja. Kwanza alimwita mtu, kisha nabii, mwishoni akamsujudia. Nasi tumwombe Kristo, Mwanga wa ulimwengu, atupe macho yenye subira, tuwaone ndugu zetu jinsi yeye anavyowaona.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.