Gome Lililo Jikoni Mwako

Leo tuanzie jikoni. Kile kijiti cha mdalasini unachotia kwenye pilau na chai ni gome la mti. Ndani yake mna polifenoli, kemikali za kundi la antioksidanti. Hizi hutuliza chembe haribifu ambazo mwili huzitoa wenyewe, na ambazo moshi wa sigara huziongeza.

Lakini kemikali kufaulu ndani ya chupa ya maabara si kuponya mtu. Tena mdalasini si mmoja. Wa Ceylon una tabaka nyingi nyembamba, huvunjika upesi. Aina nyingine, kasia, ni gome nene, gumu, lenye kemikali ya kumarini kwa wingi, ambayo ikizidi hudhuru ini. Wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo: miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Basi kiungo kibaki kiungo. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa ajili ya mdalasini, na anayekunywa magome yoyote amwambie daktari. Dawa si uchungu wala harufu. Dawa ni kipimo.