Mama wa asali naye ni mzalishaji?

Uzi. Haya ni mazungumzo niliyotoa mjini Wote mbele ya wafanyabiashara wadogo wa Makueni na wenzao waliotoka Kitui. Nimeyaandika nilivyoyasema. Majina ya vyama na waheshimiwa hayamo, msiyatafute.

Ndugu zangu, habari za mchana. Kila msimu wa siasa mnasikia mambo mawili. Mmoja anapanda jukwaani anasema sheria za mazingira zinaua viwanda. Mwingine anasema sheria hizo hizo zitawapa kazi akina mama wasuka vyondo. Mimi naona wote wawili wamesoma nusu ukurasa.

Tuanze na mnachokijua. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au jela mwaka 1 hadi 4. Huku Ukambani tukashangilia. Mkonge uko Kibwezi, mikono ya kusuka iko kila kijiji, basi Nairobi itabeba sukari kwa vyondo vyetu! Ilikuwa hivyo? Dukani ikaja mifuko ile laini ambayo wengi hudhani ni kitambaa, kumbe ni plastiki vilevile. Ni ya bei rahisi, na mashine huitoa kwa sekunde. Kiondo ni kazi ya siku kadhaa. NEMA ilitaka kuikomesha nayo mwaka 2019, watengenezaji wakaenda kortini. Na mkate haukuguswa, manake vifungashio vya kiwandani viliachwa. Waliokuwa wakitengeneza mifuko pekee waliumia, hilo silikatai. Lakini msusi wa kiondo hakutajirika.

Sasa sikilizeni hii, manake hii ndiyo itawafikia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema mzalishaji ndiye atakayebeba jukumu la bidhaa yake hata baada ya mteja kuitupa. Kanuni zake zilichapishwa Novemba 2024. Ni nani mzalishaji? Mwenye kiwanda, ndiyo. Anayeagiza kutoka nje, ndiyo. Lakini sheria inataja pia anayejaza na anayefungasha upya. Mama anayenunua asali kwa ndoo kule Mwingi, anaijaza kwenye chupa na kubandika lebo yake, ukisoma maneno yalivyo, naye ni mzalishaji.

(Hapo ukumbi ulinyamaza.)

Msichanganye hii na ile tozo ya mazingira iliyokuwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024. Ile ilikufa pamoja na mswada baada ya maandamano ya Juni. Hizi kanuni ni kitu kingine, na wanasiasa wengi huzichanganya, wengine kwa makusudi.

Je, wazo lenyewe ni baya? Kwangu mimi, hapana. Waliokua na soda ya chupa ya glasi wanakumbuka: hupewi soda uende nayo bila kuleta chupa tupu. Chupa ilitengenezwa irudi, ikaoshwa, ikajazwa tena, na gari lililoleta kreti zilizojaa ndilo lilirudisha tupu. Hakuna aliyeiona Mutomo ikielea mtoni. Halafu ikaja ya plastiki, na gharama ya kuizoa ikahama kutoka kwa kampuni hadi kwa kaunti, yaani kwako.

Muundo ndio unaoamua. Chupa isiyo na rangi ina soko kwa anayeirejeleza. Ya rangi, iliyovishwa lebo ya plastiki ya aina nyingine mwili mzima, hata wazoaji huiruka. Na chupa tupu ni nyepesi lakini hujaza lori. Kuisafirisha kutoka Kitui hadi Nairobi unalipia hewa. Kwa hiyo ada ikiwa sawa kwa kila mtu, kampuni kubwa itaigawanya kwenye mamilioni ya chupa isiisikie, na mama wa asali ataisikia kwenye kila moja. Tena yeye hachagui chupa. Ananunua ile aliyonayo muuzaji wa jumla.

Ningeandika mimi, ada ingelipwa kiwandani na mlangoni mwa bandari, kabla chupa haijamfikia mjazaji mdogo. Ingepungua kwa chupa inayorejelezeka na kupanda kwa ile isiyo na pa kwenda. Na sehemu yake ingemlipa anayekusanya Wote na Mwingi, si Nairobi peke yake, manake mahali penye viwanda pana wanunuzi tayari.

Mwishoni mama mmoja wa Kitui alisimama akaniuliza: kama kanuni zinaruhusu wazalishaji waungane watimize jukumu hili kwa pamoja, chama chetu cha ushirika cha wafugaji nyuki kinaweza kusajiliwa kama mwanachama mmoja, au kila mmoja wetu ajisajili peke yake? Hilo ndilo swali la kumwulizia mgombea wako. Akianza kukuambia habari za vyondo, mrudishe kwenye chupa.