Cherehani Kipya Kisifunikwe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya akina mama na vijana wa wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara)



Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, yaani namna ya kuanza kazi kwa cherehani kipya. Lakini tumekwisha kuona cherehani kilichonunuliwa kwa jasho la kikundi kizima kimefunikwa kitambaa, na juu yake pamepangwa vikombe. Tulipouliza sababu tukajibiwa kwamba siku ya kwanza uzi ulijifunga na sindano ikavunjika, basi kila mmoja akaogopa kukiharibu.

Yatupasa kulifikiri jambo hili. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, halmashauri zetu hupaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hii ni nafasi njema kwa Mwislamu aiogopaye riba. Lakini mkopo usio na riba ni deni vilevile, na cherehani kilichofunikwa hakilipi deni.

Sasa, mwenye kuanza aanzeje? Kwanza ajue kwamba cherehani cha miguu hakihitaji umeme, bali kinahitaji utaratibu. Neno lenyewe cherehani lina asili ya Kiajemi, katika neno lenye maana ya gurudumu. Na hakika kazi yote huanza katika gurudumu. Siku ya kwanza asitie uzi. Anyanyue mguu unaobana kitambaa, aweke miguu yake yote miwili juu ya kanyagio, aligeuze gurudumu dogo kwa mkono wa kulia kuelekea upande wake, kisha miguu ifuate. Likirudi nyuma, asimame na kuanza tena. Uzi ukiwamo na gurudumu likazunguka kinyume, uzi hujifunga au hukatika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Miguu ikizoea, achukue karatasi ya daftari lenye mistari. Bado asitie uzi. Aushushe mguu juu ya karatasi na kuifuata mistari ile kwa sindano tupu. Matundu yakipotoka nje ya mstari, hasara ni karatasi moja tu. Tunasema bila kusitasita kwamba wiki moja ya karatasi huokoa mita nyingi za kitambaa.

Ndipo aingie katika uzi. Sindano ina upande wenye mfereji mrefu, na uzi huingizwa tunduni kutoka upande huo. Ikifungwa kinyume, mshono huruka. Anapoupitisha uzi wa juu, mguu uwe umenyanyuliwa, ili uzi uingie vema kati ya visahani vya kukazia. Kisha aushike uzi huo kwa mkono wa kushoto na kuzungusha gurudumu mara moja. Uzi wa bobini utapanda juu. Avute nyuzi zote mbili nyuma ya mguu, kiasi cha urefu wa kidole, kabla ya kushona.

Aidha, sindano haziko sawa. Khanga na kitenge vinataka sindano namba 14. Kaki na vitambaa vizito vya sare vinataka namba 16. Mishono ikifanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi kosa ni la uzi wa juu: haukupita njia yake au umelegea. Mshono mzuri ni ule ambao nyuzi mbili hukutana katikati ya kitambaa. Wala asikivute kitambaa kwa nguvu. Yako meno chini ya mguu, nayo ndiyo yenye kazi ya kukisogeza. Mkono ni wa kuongoza tu. Avutaye hupinda sindano, na sindano iliyopinda hugonga chuma na kuvunjika. Na kwa kuwa kiangazi chetu kina vumbi jingi, kila mara asafishe kwa brashi na kutia matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kukaza mashine.

Kazi ya kwanza na iwe khanga. Khanga hununuliwa doti, vipande viwili vikiwa vimeungana. Hukatwa katikati na kupindwa. Mstari ni mmoja, umenyooka, na mwenye khanga ni mwanafunzi mwenyewe. Baada ya hapo ashone foronya, kisha mfuko wa madaftari. Sare ya mtoto wa jirani ingoje.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipokuwa tukijifunza, tulipokea kitambaa cha sare kutoka kwa mama mmoja kabla hatujaweza kushona mshono ulionyooka. Tuliona haya kusema, "Bado hatujui." Tukakikata, na kikaharibika. Shule ikafunguliwa, mtoto akaenda na sketi yake ya zamani iliyokwisha kumbana. Mama yule hakutugombeza, alisema tu, "Mungu atajalia kingine." Maneno hayo yalituuma kuliko tusi. Tulikilipa kitambaa kile, lakini siku ya kwanza ya shule ya mtoto yule hatukuweza kuirudisha.

Tangu hapo tumefahamu kwamba kitambaa cha mtu ni amana. Mwenyezi Mungu alipomlainishia Nabii Daud (amani iwe juu yake) chuma, alimwamrisha pia apime sawasawa viungo vya deraya. Basi ikiwa Nabii aliamrishwa kupima, sisi ni nani hata tukate kwa kukisia? Anayesema "bado najifunza" hajifedheheshi. Bali anailinda amana.

Ndugu zetu, tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na nyumba na maduka vikafukiwa. Siku ile ilituonyesha kwamba maji hayabagui mali: yangeweza kuchukua cherehani kilichotumika sawa na kile kilichofunikwa. Lakini anayejua kushona, akisalimika, husalimika na kazi yake mkononi. Huyo akipewa cherehani kingine, au akiazimwa, huanza tena siku ile ile.

Kwa hiyo tunawaomba, mkirudi nyumbani, iwe Dongobesh au Haydom, Endasak au Bassotu, ondoeni vikombe vile na kitambaa kile. Tafuteni karatasi ya daftari. Anayejua kidogo amwonyeshe asiyejua, na sindano ikivunjika, nunueni nyingine. Haikuwa cherehani kilichovunjika.

Mwenyezi Mungu aitie baraka kazi ya mikono yetu. Amin.